Shughuli ni Watu: Historia Fupi ya Bajeti ya Harusi

Wanaoandika historia wamezoea kupekua hati za serikali. Mimi kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiokota karatasi za aina nyingine: bajeti za harusi. Nazungumzia zile karatasi zinazogawiwa kwenye kikao cha kwanza cha kamati, zimechapwa haraka haraka, safu ya kwanza namba, ya pili mahitaji, ya tatu kiasi. Ukumbi. Chakula. Vinywaji. Mapambo. Keki. Muziki na MC. Picha na video. Usafiri. Dharura. Tunazipitia kwa kelele, tunabishania bei ya maua nusu saa nzima, halafu harusi ikishapita zinaishia kufungia maandazi.

Ni hasara, maana karatasi ile inaonyesha nani anamdai nani, nani anategemewa, na nani amesahaulika. Dar es Salaam kuna msemo, "shughuli ni watu." Na neno lenyewe, shughuli, kwa asili ni kazi, mahangaiko. Mama wa Magomeni akikwambia Jumamosi ana shughuli, anamaanisha sherehe, lakini lugha imeshakudokezea kwamba ndani ya sherehe hiyo kuna watu watakaotoka jasho. Swali langu ni dogo: kwenye shughuli, nani anahesabika kuwa mtu? Jibu limebadilika zaidi ya mara moja katika miaka mia moja na ishirini hivi, na kila lilipobadilika bajeti ilibadilika nalo.

Sheria yenyewe, tukubaliane, haidai makubwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, wawili waridhie, awepo mwenye mamlaka ya kufungisha, na wawepo mashahidi. Sheria hiyo inasema hata kutotimiza mila za mahari hakuifanyi ndoa kuwa batili. Yaani mambo yote yangeweza kuisha ofisini kwa mkuu wa wilaya kabla ya chai ya saa nne. Kila kinachozidi hapo tumejitwisha wenyewe, na ndiyo maana kina historia.

Tuanzie Bagamoyo. Mwaka 1903, mjini Göttingen, Ujerumani, kilitoka kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Aliyekikusanya na kukichapisha ni Mjerumani Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maelezo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Mtoro anaeleza maisha ya mrima kuanzia kuzaliwa hadi kufa, na ndoa anaipa nafasi yake, hatua kwa hatua. Wengi husoma kitabu hiki kama hazina ya mila. Ukiwa umewahi kuwa katibu wa kamati ya harusi, utakisoma kwa jicho jingine: utaona mtu aliyeelewa kwamba harusi ni mpangilio, kila jambo na zamu yake, kila mtu na haki yake.

Ziangalie haki hizo kwa majina yake, kama kamusi za zamani na wazee wa pwani wanavyozitaja. Kilemba ni cha baba wa binti. Mkaja ni wa mama, na mkaja ni ile nguo anayojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko nao ni wa mama, na ubeleko ni nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Kisha kuna vya siku yenyewe: kifungua mlango kwa wanaomzuia bwana harusi asiingie bure, kiosha miguu kwa aliyemuosha miguu, kipa mkono kwa bibi harusi mwenyewe. Kungwi ana haki yake kwa kumfunda mwali na kukaa naye katika fungate, na fungate, kama jina linavyosema kwa Kiswahili cha kale, ni siku saba.

Hebu soma orodha hiyo tena polepole. Ni bajeti, hakuna ubishi. Kila jina hapo ni pesa au kitu cha thamani kilichotoka mfukoni mwa mtu. Lakini kila kifungu kimepewa jina la kazi, au la mwili uliofanya kazi. Mkaja unamkumbusha bwana harusi kwamba huyu binti aliuma tumbo la mtu. Ubeleko unamkumbusha mgongo uliombeba. Huwezi kulipa ubeleko bila kutaja, hata kama hufikirii, miaka ile ambayo wewe hukuwepo.

Nisije nikaonekana naota ndoto za kale, niseme na upande wa pili. Pwani ile ya karne ya 19 ilikuwa pwani ya watumwa. Mpunga uliotwangwa, maji yaliyochotwa, kuni zilizobebwa kwa ajili ya karamu za waungwana, sehemu kubwa ilikuwa kazi ya watu wasiokuwa na kilemba wala mkaja wa kudai, maana mtumwa hakuwa na uwezo wa kumwoza binti yake kama baba mwenye kauli. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo ile orodha nzuri yenye majina ya kazi ilikumbuka kazi za baadhi ya watu tu.

Mtoro mwenyewe alionja uchungu wa kutohesabika. Huko Ujerumani alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam utawala wa kikoloni ukawazuia kuteremka melini. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeandika kwa utulivu namna jamii inavyowapokea maharusi, yeye na mkewe walikosa wa kuwafungulia mlango.

Waliotoka utumwani na vizazi vyao hawakukaa kimya. Mwanzoni mwa karne ya 20, njia mojawapo ya kujidai katika miji ya pwani ilikuwa ngoma. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii za Afrika Mashariki, ameandika historia ya beni: vyama vya ngoma vilivyoiga gwaride na vyeo vya kizungu, vikagawanyika katika pande kama Marini na Arinoti, vikaenea kutoka pwani hadi bara. Kwa upande wa wanawake wa Mombasa, Margaret Strobel alieleza mwaka 1979 habari za lelemama: vyama vyenye viongozi, vyeo, sare na mashindano, vikitoana jasho kwa nyimbo na kwa karamu zilizoweza kuwaacha watu na madeni.

Wengi wakisimulia beni na lelemama husimulia mbwembwe zake. Mimi navutiwa na uhasibu wake. Chama chenye sare lazima kijue nani kalipia sare na nani bado. Chama kinachoandaa karamu lazima kiwe na mtu wa kukusanya, mtu wa kutunza, na mtu mwenye mdomo wa kudai bila kugombana. Mwanamke aliyekuwa na cheo katika lelemama miaka ya 1930 alikuwa anafanya kazi ambayo leo tunamwita mtu mwenyekiti, au mweka hazina. Ndiyo maana nasadiki kwamba kamati ya harusi haikuanzia maofisini kama watu wanavyodhani. Mazoezi yake yalifanyika uwanjani, kwenye ngoma.

Siasa ikaja ikayachukua mazoezi hayo. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, haikuchelewa kugundua kwamba Dar es Salaam ina mtandao wa wanawake uliokwisha jipanga. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza kitengo cha wanawake cha chama, alitokea kwenye kikundi cha ngoma, na alipotafuta wanachama alipitia vikundi hivyo hivyo vya ngoma. Kikundi kilikuwa tayari na viongozi, tayari na wanachama wanaosikilizana. Kilichoongezeka ni kadi.

Kisha baada ya uhuru mambo yakageuka: chama kikawafundisha watu wote msamiati wake. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, ajenda, kumbukumbu za kikao, akidi, mengineyo. Kutoka shina la nyumba kumi hadi chama cha ushirika, mtu mzima wa Tanzania ya miaka ya 1970 alikuwa amekaa vikao vingi kuliko alivyotaka. Basi alipofika wakati wa kumwoza mtoto wake, alifanya alichokizoea. Aliita kikao. Ukikaa leo kwenye kamati ya harusi Sinza au Mwanza, mwenyekiti akagonga meza akasema "ndugu wajumbe, akidi imetimia," unasikia mwangwi wa chama kimoja katikati ya chupa za soda.

Lakini kilichoifanya kamati iwe ya lazima, nafikiri, ni dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, na uchumi ukiwa umeshayumba, bidhaa zilipotea madukani. Mwaka 1980 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia aliyoiita Arusi. Nje ya jukwaa, arusi za kweli wakati huo zilikuwa zinasaka sukari. Wazee wangu wanasimulia habari za vibali: kibali cha sukari, kibali cha mchele, kibali cha kreti za bia na soda, kila kimoja na ofisi yake na mtu wake. Ilipokuja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, wanasema, hata kuweka magunia mawili ya sukari chumbani kwa ajili ya harusi ya Jumamosi kulimkosesha mtu usingizi, asije akaitwa mlanguzi.

Sasa katika hali hiyo pesa peke yake ilikuwa na faida gani? Ulihitaji mtu. Mmoja anayefahamiana na mtu wa duka la kampuni ya biashara ya mkoa, mwingine ambaye shemeji yake anaendesha lori, mwingine mwenye ndugu Kyela anayeweza kuleta mchele. Wajumbe wa kamati walichaguliwa kwa milango waliyoweza kuifungua. Kifungua mlango kilirudi kwa sura nyingine. Shughuli ni watu, kweli kweli.

Na nyuma ya wajumbe hao, mikono ilikuwa bado inahesabika. Kwenye sanduku la marehemu bibi yangu tulikuta daftari la shule la kurasa 48, jalada limekwisha. Ndani yake, kwa mwandiko wa watu tofauti maana bibi mwenyewe hakujua kuandika, kuna orodha za shughuli alizofanya: mchele pishi mbili, nazi kumi, mzigo wa kuni, kuku mmoja, na pesa hapa na pale, shilingi ishirini, shilingi hamsini. Kisha kuna mistari iliyonishangaza. "Amekuja na mwiko wake." "Kachambua mchele siku mbili." "Kalea watoto wa wageni." Hakuna kiasi mbele yake, lakini imeandikwa, na pembeni kuna alama ya vema kwa kalamu ya rangi nyingine, na mama akanieleza maana yake: bibi alikwisha kwenda kwa huyo akarudisha. Siku mbili kwa siku mbili.

Kuanzia mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata ikawa ruksa. Bia ikapatikana kwa mwenye pesa, sukari ikapatikana kwa mwenye pesa. Kumbi zikaota mijini. Harusi ikahama uani na kwenye turubai la mtaani, ikaingia ukumbini, na ukumbi una viti vya idadi maalumu. Hapo ndipo kadi ikapata nguvu yake.

Kadi ya mchango ni kitu cha kuajabia. Maneno yake ni ya unyenyekevu, familia ya fulani inayo furaha kukujulisha na kukuomba, halafu chini kuna namba za simu za mwenyekiti na mweka hazina. Kinachofuata hakiandikwi ila kila mtu anakijua. Kuna kima. Kwenye kamati moja niliyokuwa katibu wake, singo ilikuwa elfu 50 na dabo laki 1. Anayechanga chini ya hapo anashukuriwa sana, ila kadi ya mwaliko haimfikii. Mchango ukawa kiingilio. Mwezi mmoja mtu anapokea kadi nne, tano, na anakaa na mkewe usiku kupanga ipi ilipwe, ipi iahidiwe, ipi ijifanye haikuonekana. Anaogopa, na ana sababu: asiyechanga, siku yake ikifika, watu watalikumbuka daftari.

Simu ikaongeza kasi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mtu aliyekuwa anajificha nyuma ya "sijapata nafasi ya kuja mjini" akakosa pa kujificha. Kisha yakaja makundi ya WhatsApp, orodha ikawa inatumwa kila asubuhi: jina, ahadi, alicholipa, baki. Bibi aliandikiwa daftari na watoto wa jirani, likakaa sandukuni. Daftari la leo linasomwa na watu mia mbili kabla hawajapiga mswaki, na baki yako inakuangalia.

Sitaki kuilaani kadi. Mji kama Dar umejaa watu waliokuja peke yao, hawana ukoo wa kuwatwangia mpunga, hawana uani. Kadi imewapa hao jamii. Mwenzako wa ofisini, mliyesoma naye, fundi mnayeshirikiana, mtu wa kanisani au msikitini, wote wanaweza kukuoza bila kuwa damu yako. Mtoro angeipokea kwa mikono miwili kamati kama hiyo. Na wanawake wengi watakwambia wazi kwamba hawana hamu ya kurudi kwenye moshi wa kuni na kukesha na sufuria za pilau huku wanaume wakicheza bao. Mpishi anayelipwa ni heshima kwa mgongo wa mama.

Ila kwenye kamati ile niliyokuwa katibu lilitokea jambo. Kulikuwa na mama mmoja jirani, muuza mihogo ya kukaanga, aliyemlea bibi harusi mchana wakati mama yake akiwa kazini, miaka sita mfululizo. Alipoletewa kadi alisema hela hana, lakini "nitakuja na mwiko wangu." Nikalileta jibu lake kwenye kikao. Mwenyekiti, mtu mwungwana kabisa, akaangalia karatasi, akaniangalia, akauliza: tunamwandika wapi? Chakula kilikuwa na kampuni. Mapambo yalikuwa na kampuni. Hapakuwa na safu ya kumwandika. Mwishowe mama wa binti alimlipia singo kimya kimya, na yule mama akaja, kavaa vizuri, akakaa meza ya nyuma karibu na spika, mikono mapajani, usiku mzima. Wakati wa zawadi hakuitwa, maana ratiba ilishapangwa.

Mkaja na ubeleko vilikuwa vimelipwa wiki tatu kabla, kwa kiasi kikubwa, kwenye kikao cha mahari. Maneno yalikuwepo. Mgongo wenyewe uliobeba ulikuwa meza ya nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotupata. Zamani bajeti ya harusi ilitaja kazi, ikawaficha watumwa. Wakati wa dhiki ilitafuta watu, maana bila mtu hakuna sukari. Sasa inapokea pesa za yeyote, na hilo ni jema lake, lakini haijui kuandika kitu kingine chochote. Tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, kisha tunapanga viti kwa utajiri.

Tiba yake haihitaji kongamano. Kamati ina kalamu, na karatasi ina nafasi. Siku hizi nikiombwa kuwa katibu, naongeza safu moja baada ya "kiasi," naiandika "kazi." Wajumbe hucheka kwanza. Kisha mmoja anakumbuka fundi aliyemshonea bibi harusi sare za shule kwa mkopo usiolipwa, mwingine anamtaja shangazi aliyekuwa akiamka saa kumi. Majina yanajaa, na waliotajwa hupewa kadi kama waliochanga, kwa sababu wamechanga, wengine tangu binti akiwa hajaota meno.

Harusi ikiisha, kama ilivyo ada, kamati hukutana mara ya mwisho. Mweka hazina anasoma mapato na matumizi, kilichobaki kinanunuliwa nyama na vinywaji, na mwenyekiti anatangaza kwamba kamati imevunjwa rasmi. Ni usiku mzuri, watu wamepumua. Ukiwa hapo, kabla karatasi hazijapelekwa kwa muuza maandazi, chukua nakala moja uiweke. Kuna mjukuu atakayetaka kujua nani alikuja na mwiko wake.